Sangara na Wahusika Waliosahauliwa: Filamu ya Darwin's Nightmare Mbele ya Ziwa Lenyewe

Tangu ilipotoka mwaka 2004, filamu ya Darwin's Nightmare, yaani Jinamizi la Darwin, imezungumzwa zaidi kuliko ilivyotazamwa. Mtengenezaji wake, Hubert Sauper wa Austria, aliipigia Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria. Aliifuata safari ya minofu ya sangara kutoka mwaloni hadi kiwandani, na kutoka kiwandani hadi ndani ya matumbo ya ndege za mizigo ziendazo Ulaya. Mwaka 2006 ilishindania tuzo ya Oscar. Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani, na huko Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Tangu hapo mjadala umekuwa ukizunguka maswali mawili: je, zile ndege zilileta silaha? Na je, Watanzania wanakula mapanki, au tumesingiziwa?

Makala haya hayakusudii kuyajibu maswali hayo. Yameshajibiwa na wengi, wengine kwa hasira na wengine kwa kulinda nafasi zao. Sisi tunataka kuuliza swali la kihakiki ambalo, kwa maoni yetu, limeachwa kando. Filamu hii imejengwa juu ya sitiari ya kiikolojia. Jina lake limetolewa kwa Charles Darwin. Samaki wake ni mla samaki wenzake. Na kila binadamu anayepita mbele ya kamera amepangwa mahali fulani katika mstari wa mla na mliwa: rubani, mwenye kiwanda, mvuvi, kahaba, mtoto wa mtaani anayevuta gundi. Sasa je, sitiari hiyo inasimama? Ziwa lenyewe likiitwa kutoa ushahidi, litakubaliana na msanii?

Swali hili hatukulibuni sisi. Tuliitazama filamu hii katika semina, na taa zilipowashwa mwenzetu mmoja kutoka Songea akauliza, bila hila yoyote, "Hivi furu ni samaki gani?" Mwenzetu wa Ukerewe akamjibu, "Ah, furu ni samaki wa watoto. Unakaa juu ya jiwe na ndoana yako." Watu wakacheka, mjadala ukaendelea na habari za silaha. Lakini baadaye, tukiwa njiani kurudi mabwenini, ikatujia kwamba tulikuwa tumekaa muda wote ule tukiangalia habari za samaki aliyeangamiza samaki wengine, na karibu nusu ya darasa hatukuwajua hao walioangamizwa hata kwa sura. Msiba mzima, na marehemu hana jina! Katika tamthiliya yoyote ile tungesema mtunzi ameshindwa kumjenga mhusika.

Tuanze na jina la filamu, maana jina ndio mlango wa kazi. Watu wengi wakisikia Darwin wanasikia "mwenye nguvu mpishe". Samaki mkubwa anamla mdogo, tajiri anamla maskini, Ulaya inaila Afrika, basi, somo limekwisha. Lakini ule msemo maarufu wa Kiingereza unaosema kwamba anayebaki ni yule anayefaa zaidi haukutungwa na Darwin. Ulitungwa na Herbert Spencer mwaka 1864, na Darwin akauazima baadaye. Katika sura ya tatu ya kitabu chake cha mwaka 1859, Darwin anamwonya msomaji wake kwamba neno mapambano analitumia kwa maana pana na ya kisitiari, na ndani yake anahesabu pia kule kutegemeana kwa kiumbe kimoja na kingine. (Wanafunzi wa fasihi tungepaswa kukipenda kitabu hicho kwa hilo tu: mwanasayansi anayekiri kwamba anatumia sitiari!)

Mfano anaoutoa ni mzuri kuliko hadithi nyingi. Huko Uingereza kuna majani yaitwayo klova nyekundu, ambayo huchavushwa na nyuki wakubwa wenye manyoya. Panya wa mashambani huharibu viota vya nyuki hao. Paka huwala panya. Kwa hiyo, anasema Darwin, penye paka wengi panaweza kuwa na maua mengi ya klova. Paka hali ua, ua halimjui paka, wala hakuna kati yao anayemshinda mwenzake, na bado maisha ya mmoja yamefungwa katika maisha ya mwingine kwa njia ya mzunguko ambayo mtu asingeiona kwa kutazama tu. Huyu ndiye Darwin wa kwenye maandishi. Huyu wa kwenye filamu, mwenye jinamizi, ana uhusiano mmoja tu mkononi: kula.

Hebu sasa tuliangalie ziwa. Ni ziwa la kilometa za mraba 68,800 hivi, pana lakini si la kina kirefu, kwani hata pale penye kina zaidi halifiki meta 90. Utafiti uliofanywa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa nyavu za kukokota chini ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki waliopatikana ni furu. Na furu si samaki mmoja. Ni zaidi ya aina 500 zinazokadiriwa, karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Kuna furu wala mwani, furu wanaovunja konokono kwa meno ya kooni, furu wala wadudu na furu wala planktoni. Kuna furu wanaokula magamba ya samaki wenzao. Na kuna wale ambao ukisimuliwa habari zao unadhani ni ngano ya zimwi: kwa kuwa mama furu huyabeba mayai na watoto wake mdomoni, wapo furu wengine ambao kazi yao ni kumvizia mama huyo na kumlazimisha awateme watoto, wapate kuwala. Ndiyo kusema hata kabla ya sangara ziwa hili halikuwa bustani ya amani. Walao na waliwao walikuwamo, ila walikuwa mamia kwa mamia, kila mmoja na ufundi wake, na hakuna aliyekuwa ametawala jukwaa peke yake.

Habari hizi utazipata, na kwa raha zaidi, katika kitabu cha Tijs Goldschmidt, mwanabiolojia Mholanzi aliyefanya utafiti wa furu Mwanza katika miaka ya 1980. Kitabu kilitoka kwa Kiholanzi mwaka 1994 kwa jina la Darwins hofvijver, na kwa Kiingereza mwaka 1996 kama Darwin's Dreampond, yaani bwawa la ndoto la Darwin. Angalia mambo haya, ndugu msomaji: ziwa moja, mji mmoja, miaka kumi tu kati ya kazi moja na nyingine, na Mzungu wa kwanza anaona ndoto, wa pili anaona jinamizi. Na Darwin mwenyewe hakuwahi kuliona ziwa hili! Goldschmidt anaandika kwa nafsi ya kwanza, kwa utani mwingi, na msuko wake una kejeli ambayo hakuitunga yeye. Alikuja kuchunguza jinsi aina mpya za viumbe zinavyozaliwa, na akiwa katikati ya kazi, zile aina alizokuwa akizihesabu zikaanza kutoweka kwenye nyavu zake. Hapa mwandishi amefaulu kutuonyesha kifo kwa njia ya orodha inayofupika. Hana haja ya kupaza sauti.

Sauper yeye anapaza sauti, na tukubali kwamba kwa upande wa taswira ana kipaji kikubwa. Kile kivuli cha ndege kinachopita juu ya maji hakisahauliki. Wala yule mama anayeanika mapanki katikati ya funza. Udhaifu wake hauko kwenye taswira, uko kwenye msuko. Maelezo yaliyosambazwa pamoja na filamu yanasema sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1960 kama jaribio dogo la kisayansi, halafu akala kila kitu. Sentensi hiyo ina makosa mawili ya kisimulizi.

Kosa la kwanza ni kwamba inaficha watenda. Sangara alianza kutiwa ziwani kutoka ziwa Albert katika miaka ya 1950, na utiaji rasmi ukafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Halikuwa jambo la bahati mbaya la watu wa maabara. Lilikuwa suala la sera katika idara za uvuvi za kikoloni: furu wadogo wenye miiba mingi walionekana ni "takataka", na likaonekana jambo la busara kuwageuza wawe nyama ya samaki mkubwa anayeuzika. Tena lilipingwa. Mwaka 1960 mwanabiolojia Geoffrey Fryer aliandika katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki makala ya kulikataa pendekezo hilo. Mgogoro ulikuwepo, wahusika walikuwepo, na hoja zilikuwepo kwa maandishi. Filamu inayotaka kumhukumu mkoloni na mrithi wake inafanyaje kuacha tukio hilo, ambapo mkoloni alionywa asisikie?

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Sangara hakula kila kitu mara moja. Alikaa ziwani takriban miaka 20 akiwa haba. Kisha ghafla, upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na katika ghuba ya Mwanza miaka michache baadaye, akafumuka. Kwa nini alisubiri? Wanaikolojia wengine wanalieleza jambo hili kwa namna ambayo mtunzi yeyote wa riwaya angeionea wivu. Wanasema furu wenyewe ndio waliokuwa wakimzuia, kwa kugombania chakula na vifaranga vya sangara na pengine kuvila. Mliwa alikuwa amemshikilia mla shingoni. Furu walipopunguzwa, njia ikawa wazi. Na nani aliwapunguza? Katika miaka ya 1970 meli za nyavu za kukokota zilikuwa zikiwavua katika ghuba ya Mwanza kwa ajili ya kiwanda cha unga wa samaki. Hii ni katika enzi zetu wenyewe, za kujitegemea, na wala si wakati wa ndege za Warusi.

Halafu kuna tope. Mhusika huyu hana sura, hana meno, na kamera haimwoni, lakini bila yeye mchezo hauchezeki. Tabaka za matope zilizochimbuliwa chini ya ziwa zinaonyesha kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930 hivi, kadiri misitu na mbuga za pembezoni zilivyogeuzwa mashamba na udongo wenye rutuba kuteremkia majini. Mwani ukizidi, huoza. Ukioza, hula oksijeni, na sehemu za chini za ziwa hukosa hewa. Tena maji huwa na kiza. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walieleza katika jarida la Science kile ambacho kiza hicho kimefanya. Furu wengi wanatofautiana kwa rangi tu, madume mekundu hapa, ya buluu pale, na majike huchagua wa aina yao kwa kuona. Maji yakichafuka rangi hazionekani, jike hamtambui dume wake, na aina mbili zinachanganyikana mpaka zinakuwa moja. Hakuna aliyeliwa hapo. Hakuna damu. Aina nzima imepotea kwa sababu taa imezimwa. Mtu akiniuliza ni tukio gani katika historia ya ziwa hili linalostahili filamu, nitamtajia hili, na nitamwonea huruma huyo atakayelipiga picha.

Inakadiriwa kuwa aina 200 hivi za furu zilitoweka. Hiyo ni hasara ambayo hakuna hoja inayoweza kuipunguza, na sisi hatumo katika kundi la wale wanaosema filamu ni uzushi mtupu kwa sababu tu imeleta aibu kwa taifa. Lakini jamii ya viumbe haikai wazi kama nyumba iliyohamwa. Nafasi ya furu wala planktoni iliingiwa na dagaa. Nafasi ya wale waliokuwa wakila masalia chini ya ziwa iliingiwa na uduvi wadogo. Sangara mwenyewe, baada ya kuwamaliza furu, alihamia kwa uduvi, dagaa, na watoto wake mwenyewe. Hata mdiria, yule ndege mweusi na mweupe anayesimama hewani juu ya maji kabla hajajitupa, alibadili mlo. Watafiti waliookota matapishi yake ya mifupa huko Mwanza walikuta kwamba zamani alikuwa akila furu, na sasa dagaa. Kwa kuwa dagaa ni mdogo, ikambidi apige mbizi mara nyingi zaidi kwa siku kupata shibe ileile. Huyo mdiria ni kama mchuuzi ambaye mtaji wake umekatwa: bado yuko sokoni, ila viatu vinaisha upesi.

Kuanzia miaka ya 1990 likatokea jambo ambalo jinamizi halina mahali pa kuliweka. Baadhi ya furu wakaanza kurudi. Si wote, wala si wengi kwa aina, hasa wale wala planktoni na wala masalia. Walipopimwa, baadhi yao walikutwa si walewale. Furu mmoja ambaye wataalamu humwita Haplochromis pyrrhocephalus alikutwa na mashavu ya kupumulia mapana zaidi kuliko babu zake wa miaka ya 1970, na mlo wake ulikuwa umegeukia windo kubwa zaidi. Alikuwa amejirekebisha kwa maji yenye hewa kidogo, katika muda ambao mtoto wa darasa la kwanza hajamaliza chuo.

Na kwa nini walirudi? Sababu moja wanayoitaja watafiti ni kwamba sangara walipungua. Na sangara walipungua kwa kuwa walivuliwa mno. Walivuliwa mno kwa ajili ya viwanda vya minofu. Minofu hiyo ndiyo iliyopanda ndege.

Hapo ndipo filamu inapokwama kabisa, na kusema kweli wapinzani wake nao wanakwama hapohapo. Katika mpango wa Sauper, mvuvi wa Mwanza ni mliwa. Analiwa na kiwanda, kiwanda kinaliwa na Ulaya, na ukimwi unamalizia mabaki. Kwa upande wa uchumi kuna ukweli mwingi ndani yake. Lakini kwa upande wa ikolojia, ambako sitiari imetolewa, yule mvuvi ndiye mla mkuu wa ziwa lote. Hakuna meno yaliyobadili jamii ya viumbe vya ziwa lile kama nyavu zake. Mtu yuleyule ni mliwa katika hadithi moja na mla katika hadithi nyingine, kwa siku ileile, ndani ya mtumbwi uleule. Msanii mwenye ujasiri angezishika hadithi zote mbili pamoja na kuacha zigombane. Sauper ameichagua moja na kuifanya kuwa ndiyo sheria ya maumbile. Na ukishasema ni sheria ya maumbile, nani atashtakiwa? Samaki mkubwa hana kosa kumla mdogo! Ndiyo maana tunasema sitiari hii, ambayo nia yake ni kuwashtaki wakubwa, mwisho wake inawaachia huru. Ameanza na hasira ya kisiasa, akamaliza na masikitiko.

Chukua yale mapanki. Mkwaruzano wote wa mwaka 2006 ulihusu kama ni chakula cha watu au sivyo, kana kwamba aibu iko kwenye mfupa wenyewe. Ukiwauliza watu wa ziwani watakwambia bila kuona haya: mapanki hukaangwa, huuzwa, huliwa, na mengine huenda kwenye chakula cha kuku. Sangara akigawanywa kila kipande kina safari yake. Minofu huenda Ulaya. Kayabo, yaani sangara wa chumvi, huvuka mpaka kwenda Kongo. Mabondo, vile vibofu vya hewa vya ndani ya tumbo, ambayo wazee walikuwa wakiyatupa, leo yanakwenda China na Hong Kong kwa bei ya kilo inayoipita mbali bei ya minofu. Kila safari ina watu wake, madalali wake, ugomvi wake. Hii nayo ni jamii, na nayo inabadilika. Filamu ilipita mahali ambapo yote haya yalikuwa yakianza ikaona funza tu. Sisemi funza hawakuwepo. Nasema kwamba yule mama alikuwa kazini, na mhakiki anayetazama ile sehemu mara ya pili atamwona akichagua na kupanga.

Mtu atasema: ninyi mnamtaka msanii awe mwalimu wa baiolojia. La hasha. Tunamtaka awe mkweli kwa sitiari aliyoichagua mwenyewe. Tena si kweli kwamba sanaa haiwezi kubeba wahusika wengi wasio watu. Tunao mfano wetu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 kwa jina refu la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Wanafunzi wengi huilalamikia kwamba inakwenda polepole, kwamba mwandishi anasimamisha hadithi ili aeleze mti wa dawa, namna ya kulima, namna ya kuvua, namna ya kuwinda. Hata mimi niliwahi kuruka kurasa, nakiri. Siku hizi naona ni kurasa zenye thamani kubwa kupita kiasi. Katika riwaya ile ndoa ya watu wawili haiwezi kusimuliwa bila mimea, mifugo na maji yanayoizunguka. Ziwa lake ni ziwa lisilo na sangara, kwa sababu alipoandika sangara hakuwamo. Ukiisoma leo, riwaya hiyo inakuwa pia kumbukumbu ya jamii ya viumbe ambayo haipo tena, na Kitereza hakuwa na habari kwamba anaandika kumbukumbu ya aina hiyo.

Tukirudi kwa Goldschmidt, tusimpambe sana. Ukarimu wake kwa furu ni mkubwa kuliko kwa uchumi wa mwaloni, na msomaji wa hapa atamaliza kitabu akijua mengi zaidi juu ya taya za samaki kuliko juu ya bei zao. Vilevile hadithi ya kurudi kwa furu isigeuzwe kuwa ngonjera ya "ziwa limepona". Halijapona. Maji bado yana kiza, aina zilizopotea hazirudi, na kwa uzito samaki anayeongoza leo katika mavuno ya ziwa zima ni dagaa, samaki wa urefu wa kidole, anayevuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni taa za betri na za sola, ukisimama ufukweni usiku unadhani kuna mji ng'ambo. Dagaa huyo ndiye anayelisha watu wengi, tena hapa hapa nchini na nchi jirani, wala hapandi ndege. Labda ndiyo maana hakupata nafasi kwenye filamu.

Mwenzetu wa Ukerewe aliporudi kutoka likizo alileta mfuko wa dagaa aliounua mwaloni Kirumba. Tulikuwa tukiuchambua jikoni, tunatoa mchanga na vijiti, mara akasema, "Ehe, huyu hapa." Alikuwa samaki mkavu, mpana kidogo kuliko dagaa, mgongo wenye miiba, rangi zote zimekwisha kwa jua. Halafu akapata wa pili. Yule wa Songea akawapanga juu ya gazeti, akawageuza huku na huku, akauliza kama ni aina moja au mbili. Wa Ukerewe akawatazama sana. Alisema nyumbani kwao wote wanaitwa furu.